Dhidi ya Uhakiki wa Huruma: Kadogo na Kimya cha Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzua ubishi, na ni vyema msomaji alifahamu hilo tangu mwanzo. Kwa zaidi ya miaka arobaini, watoto wa Afrika Mashariki na ya Kati wamekuwa wakitiwa bunduki mikononi na kuamrishwa kuua. Wamepigana katika misitu ya Luwero, katika nyika za Acholi, katika milima ya Kivu na machimbo ya dhahabu ya Ituri. Lugha iliyowapa watoto hao jina wanalojulikana nalo duniani ni Kiswahili. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi anayetaka kusoma riwaya kuhusu maisha yao huelekezwa upesi kwenye rafu za Kiingereza na Kifaransa, nasi walimu wake hatuoni ajabu yoyote katika jambo hilo.

Tunadhamiria kutetea hoja tatu. Kwanza, uhakiki uliozoeleka kuhusu mtoto mpiganaji ni uhakiki wa huruma, na huruma hiyo imekuwa kizuizi cha kumwelewa mtoto mwenyewe. Pili, kimya cha fasihi yetu kuhusu suala hili kimetokana na mielekeo fulani ya ufundishaji, uhariri na uteuzi wa vitabu ambayo sisi wenyewe tunaiendeleza; hakikuzuka kwa bahati mbaya. Tatu, Kiswahili hakiwezi kudai kwamba kilikuwa mtazamaji tu wa vita hivyo. Kilikuwa lugha ya amri, na kwa sababu hiyo kina wajibu ambao Kiingereza na Kifaransa haviwezi kukitekelezea.

Neno na upatanisho wake

Tuanze na neno lenyewe. ‘Kadogo’ lilienea wakati wa vita vya National Resistance Army nchini Uganda, vilivyoanza mwezi wa Februari 1981 na kukoma kwa kutekwa kwa Kampala mnamo Januari 1986. Watoto wengi waliofuata jeshi hilo walikuwa mayatima wa Luwero. Miaka kumi baadaye, kati ya Oktoba 1996 na Mei 1997, neno hilo lilivuka mpaka na kuvishwa watoto waliotembea na majeshi ya Laurent-Désiré Kabila kutoka mashariki ya Kongo hadi Kinshasa. Wakaaji wa Kinshasa, ambao lugha yao ya kila siku ni Kilingala, waliwapokea askari wadogo waliozungumza Kiswahili. Kabila alipouawa tarehe 16 Januari 2001, aliyemfyatulia risasi alikuwa mlinzi wake kijana, naye hutajwa katika maelezo mengi kuwa alitoka miongoni mwa makadogo hao hao.

Mwanaisimu wa Kiswahili sanifu atasema kwamba neno hili ni kosa. Usanifu hutumia kiambishi ki- kudunisha: kitoto, kijumba, kijitu. Ngeli ya ka- na tu-, iliyo hai katika Kikuyu na lugha nyingi nyinginezo za Kibantu, haikukubaliwa katika sarufi sanifu, ijapokuwa inasikika kila siku vinywani mwa wasemaji wa Nairobi, Kampala na Bukavu. Kwa hivyo, mtoto huyu ameingia katika lugha kwa mlango wa nyuma. Yumo katika usemi, hayumo katika kamusi nyingi.

Lakini linalotuhusu zaidi kama wahakiki ni upatanisho wa kisarufi. Je, tunasema ‘kadogo analia’ au ‘kadogo kanalia’? Katika usemi wa pili mtoto amebaki katika ngeli ya vitu vidogo, pamoja na vijisu na vijiti. Katika usemi wa kwanza kiambishi a- kinamrejeshea utu ambao ka- kilikwisha kuupunguza. Wasemaji hutumia zote mbili, wakati mwingine katika sentensi moja. Ka- hiyo hiyo hubeba mahaba ya mama kwa mwanawe na dharau ya kamanda kwa askari asiyelipwa mshahara. Kamanda alilihitaji neno lenye pande zote mbili: lilimfanya aonekane mzazi pale alipokuwa mtumiaji. Fasihi yoyote inayotaka kumwandika mtoto huyu italazimika kuamua, sentensi baada ya sentensi, ni upatanisho gani itakaotumia. Kiingereza hakina namna ya kuuliza swali hilo. Kiswahili kinalo, nasi hatujalitumia.

Huruma kama kizuizi

Matini zinazofundishwa zaidi kuhusu mtoto mpiganaji zinafahamika: Sozaboy ya Ken Saro-Wiwa (1985), Allah n’est pas obligé ya Ahmadou Kourouma (2000), Johnny chien méchant ya Emmanuel Dongala (2002), Beasts of No Nation ya Uzodinma Iweala (2005), na tawasifu ya Ishmael Beah, A Long Way Gone (2007). Hizi si kazi za aina moja, na kosa la kwanza la uhakiki wa huruma ni kuzifanya za aina moja.

Uhakiki huo una muundo unaotabirika. Huanza kwa kutaja kijiji chenye amani, hufuatia utekaji, hufuatia ukatili, kisha uokoaji, kisha tiba. Mhakiki huorodhesha mateso chini ya kichwa ‘maudhui’, husifu ‘uhalisia’ chini ya kichwa ‘fani’, na humalizia kwa kulaani vita. Nani asiyelaani vita? Hitimisho ambalo kila mtu alikuwa nalo kabla ya kufungua kitabu haliwezi kuitwa tokeo la usomaji.

Tatizo ni kubwa zaidi ya uvivu. Mkondo huo wa visa una mwokozi, na mwokozi huyo aghalabu hutoka nje. Katika Beasts of No Nation, Agu anaishia mbele ya mwanamke Mmarekani anayengoja azungumze. Katika A Long Way Gone, njia ya kutokea vitani inapita katika kituo cha kurekebishia tabia na kuelekea New York. Hatusemi kwamba waandishi hawa wamedanganya. Tunasema kwamba mhakiki wa Nairobi au Eldoret anayeupokea mkondo huo kama umbo la asili la hadithi ya mtoto mpiganaji amekubali kuketi katika kiti kilichotengenezewa msomaji mwingine. Msomaji yule yuko mbali. Huruma ndiyo kitu pekee anachoweza kutoa. Sisi tuko karibu. Watoto hawa wamepita katika vituo vyetu vya basi.

Aidha, huruma humtaka mtoto awe mwathiriwa na asiwe kitu kingine. Basi kila mahali ambapo mtoto anafurahia nguvu ya bunduki, anampenda kamanda wake, anacheka wakati wa kuua au anapanda cheo, mhakiki wa huruma huharakisha kueleza: alileweshwa dawa, alitishwa, hakujua. Huenda ni kweli. Lakini Kourouma hakumwandika Birahima ili aonewe huruma. Birahima anamtukana msomaji, anajisifu, anachekesha, na katikati ya vichekesho hivyo anawasimulia wafu. Dongala anafanya jambo gumu zaidi: anampokeza usimulizi Johnny, mpiganaji anayejiona msomi na shujaa, kisha anampokeza Laokolé, msichana anayekimbia watu wa aina ya Johnny. Msomaji hawezi kumhurumia Johnny bila kukutana na Laokolé katika sura inayofuata. Huo ndio uadilifu wa riwaya. Mhakiki anayezifunika sura hizo zote kwa blanketi moja la ‘watoto wasio na hatia’ ameiharibu kazi ambayo mwandishi alitaabika kuijenga.

Methali tunayoipenda katika mijadala hii ni ile ya fahali wawili wanapopigana na nyasi kuumia. Tumeikariri hadi imekuwa dawa ya usingizi. Katika vita hivi nyasi hazikukanyagwa tu. Nyasi zilifungwa pembe, zikasukumwa uwanjani, zikaambiwa zipigane na nyasi nyingine. Methali hiyo, kwa busara yake yote, haina nafasi ya kadogo, kwa sababu inajua mwenye nguvu na asiye na nguvu tu. Kadogo yuko katika nafasi zote mbili kwa wakati mmoja.

Ushahidi na watu wa kati

Wapo wenzetu watakaosema kwamba riwaya si mahali pa kutafuta ukweli wa vita hivi. Ukweli uko katika ushahidi wa waliopigana. Wanatuelekeza mahakamani na kwenye tawasifu. Twendeni huko basi.

Kesi ya kwanza kusikizwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilikuwa ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji katika Ituri, aliyeshtakiwa kwa kuandikisha na kutumia vitani watoto wenye umri wa chini ya miaka 15 katika miaka ya 2002 na 2003. Kesi ilifunguliwa Januari 2009. Shahidi wa kwanza aliyedaiwa kuwa askari wa zamani alitoa maelezo yake, kisha akayakana na kusema kwamba alikuwa ameelekezwa la kusema. Baadaye akarejea kizimbani. Hukumu ilipotolewa tarehe 14 Machi 2012, Lubanga alipatikana na hatia, na mwezi wa Julai akafungwa miaka 14. Lakini majaji walikataa kuutegemea ushahidi wa karibu wote walioletwa kama watoto wapiganaji wa zamani, kwa kuwa kulikuwa na hatari kwamba watu wa kati waliotumiwa na upande wa mashtaka kuwatafuta mashahidi walikuwa wamewashawishi. Miongoni mwa mambo yaliyotiwa maanani ni picha za video, zikiwemo zile za Lubanga akiitembelea kambi ya Rwampara mnamo Februari 2003, ambamo nyuso za wapiganaji zinaonekana.

Hebu tulitafakari tokeo hili kama watu wa fasihi. Katika kesi iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto wapiganaji, sura zao ziliaminika kuliko maneno yao. Walionekana, hawakusikika. Jambo kama hilo lilimkuta Beah kwa njia nyingine, pale gazeti moja la Australia lilipohoji mwaka 2008 kama tarehe zake zingewezekana, na mjadala wote ukageuka kuwa hesabu ya miezi.

Mwanasheria ana haki ya kuhesabu miezi. Mhakiki ana kazi nyingine. Kila ushahidi ni usimulizi ulioombwa: kuna aliyeuliza, kuna lugha aliyoulizia, kuna malipo au tumaini la malipo, kuna mkalimani, kuna aliyeandika. Kati ya tukio la Ituri na maandishi ya The Hague kulikuwa na msururu wa watu na lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Sisi tunafundisha mambo haya kila mwaka katika kozi za fasihi simulizi: hadhira huathiri masimulizi, fanani huyabadilisha kulingana na muktadha, hakuna simulizi isiyo na mwombaji. Mbona tunapofika kwa kadogo tunayasahau yote, tukauliza kama mwanahabari, ‘Je, ni kweli?’ Na mbona kazi hiyo ya kusikiliza, katika lugha ambayo jambo lilitendekea, tumewaachia watu wa kati?

Mwathiriwa aliye mhalifu

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Dominic Ongwen alitekwa na Lord’s Resistance Army akiwa na umri wa takriban miaka tisa, akiwa njiani kwenda shule katika nchi ya Acholi. Alikulia humo, akapanda cheo hadi kuwa kamanda wa kikosi cha Sinia. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimpata na hatia ya makosa 61, yakiwemo mauaji, utumwa na ndoa za lazima. Miongoni mwa makosa hayo ni kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 vitani, yaani kuwatenda wengine lile alilotendwa. Mwezi wa Mei 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 25, majaji wakizingatia katika adhabu jinsi alivyotekwa utotoni. Rufani yake ilitupiliwa mbali mwezi wa Desemba 2022.

Uhakiki wa huruma hauna la kusema juu ya mtu huyu. Siku aliyotekwa ni mwathiriwa. Siku aliyoteka ni mhalifu. Lakini hakuna anayeweza kutaja siku aliyovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sheria ililazimika kuchora mstari, na umri ndio mstari iliyo nao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 uliuweka katika miaka 15 kuhusu kupigana vitani. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 ulikwenda mbele zaidi na kumtambua mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Mistari hii ni ya lazima, na hatuikejeli. Hata hivyo, riwaya haina haja ya mstari. Riwaya inaweza kukaa katika ile miaka ya katikati ambayo mahakama huipita kwa haraka: miaka ambayo mtoto anajifunza kwamba utiifu unaleta chakula, kwamba cheo kinaleta usalama, kwamba aliye chini yake sasa ni mdogo kuliko yeye.

Waliowateka watoto hao walielewa masimulizi kuliko tunavyodhani. Katika LRA, watoto wengi walilazimishwa kuua jirani, rafiki au ndugu mara tu baada ya kutekwa. Shabaha haikuwa ukatili peke yake. Shabaha ilikuwa kuikata njia ya kurudi. Ngano zetu zimejengwa juu ya safari: shujaa huondoka, hupambana, hurejea na kupokewa. Kamanda aliharibu hatua ya mwisho kwa makusudi, akahakikisha kwamba nyumbani pangemwogopa mtoto kuliko msitu. Mhakiki anayeendelea kutumia istilahi ya ‘motifu ya safari’ kuhusu matini hizi bila kulitambua jambo hilo anatumia chombo kilichokwisha kuvunjwa na mhusika mwenyewe.

Na tusisahau wasichana. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996, wasichana 139 walitekwa kutoka Chuo cha St. Mary’s, Aboke. Mtawa Rachele Fassera aliwafuata watekaji msituni na kurejea na 109, 30 wakabaki. Tukio hilo linajulikana kwa sababu shule ilikuwa na jina na aliyefuatilia alikuwa na ujasiri usio wa kawaida. Maelfu ya wasichana wengine hawakuwa na shule wala mtawa. Walipika, walibeba mizigo, walipigana, waligawiwa makamanda kama wake, walizaa. Kanuni za Cape Town za 1997 zilikwisha kusema wazi kwamba mtoto mpiganaji si yule tu aliyebeba silaha, bali hata mpishi, mpagazi, tarishi na msichana aliyechukuliwa kwa ajili ya ngono au ndoa ya lazima. Lakini riwaya nyingi tulizozitaja zina mvulana na bunduki katikati, na uhakiki umeyakubali hayo bila swali. Mama anayerudi kijijini na mtoto aliyezaliwa msituni, ambaye baba yake ndiye aliyewaua majirani, ni mhusika anayezua maswali ambayo mvulana mwenye bunduki hawezi kuyazua. Nani atamwita mtoto huyo jina la ukoo?

Usanifu na sauti

Tugeukie sasa kikwazo kilicho ndani ya nyumba yetu. Saro-Wiwa aliiandika Sozaboy kwa Kiingereza alichokiita kibovu, kwa kuwa Mene, kijana mwanagenzi wa dereva, hangeweza kusimulia kwa Kiingereza cha shuleni bila kuwa mtu mwingine. Kourouma alimpa Birahima kamusi nne, ili mtoto amweleze Mfaransa maneno ya Kiafrika na kumweleza Mwafrika maneno ya Kifaransa. Na kila ufafanuzi wa kikamusi unapotua katikati ya maiti, kamusi yenyewe inaonekana kuwa kichekesho. Lugha iliyovunjika ni sehemu ya maana ya kazi hizi.

Je, mwandishi wa Kiswahili akimpa usimulizi kadogo wa Bunia, itakuwaje? Mtoto huyo atasema Kiswahili cha Ituri, chenye maneno ya Kilingala ya kambini na ya Kifaransa ya cheo na silaha. Atatumia ka- na tu-. Upatanisho wake hautafuata sarufi tuliyoisomea. Mhariri wa kawaida atausafisha mswada, mhakiki wa kawaida atalalamika kuwa ‘lugha si sanifu’, na jopo la uteuzi litauweka kando kwa hofu ya kuwapotosha watahiniwa. Matokeo ni kwamba mtoto atasimulia kama mwalimu mkuu, au hatasimulia kabisa. Hadi sasa ametendewa hilo la pili. Miongoni mwa riwaya zilizotahiniwa katika shule zetu za upili, kuanzia Utengano hadi Chozi la Heri, kuna mayatima, wakimbizi wa ndani, watoto wa mitaani na wahasiriwa wa ghasia za kikabila. Kadogo msimulizi hayumo.

Kuna sababu nyingine ya kutotetea usafi wa lugha hapa. Kiswahili kiliingia Uganda kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa kambi za King’s African Rifles. Kiliendelea kuwa lugha ya jeshi baada ya uhuru. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa Waganda wengi kikabaki kuwa sauti ya mwanajeshi anayebisha mlango usiku. Jeshi lililowalea makadogo wa kwanza lilitumia Kiswahili pia. Sisi tunaowafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja na udugu tunasema kweli, lakini tunasema nusu yake. Kuna watoto waliojifunza Kiswahili kwa amri: simama, piga, choma, ua. Fasihi ya lugha hii haitakuwa imekomaa kabla ya kukisikiliza Kiswahili hicho.

Pingamizi na majibu

Tunatarajia pingamizi tatu. La kwanza ni kwamba vita hivi si vya Kenya, na kila jamii iandike yake. Tunajibu kwamba mpaka huo hauko. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea, miongoni mwa wengine, watoto wa Sudan ambao baadhi yao walikwisha kushika silaha. Isitoshe, katika Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008, vijana wadogo waliandikishwa kwa nguvu katika kundi lililopigania ardhi, na familia zikatozwa wana kama zinavyotozwa kodi. Huo ni mlima wetu.

Pingamizi la pili linasema kwamba kuandika habari hizi ni kuuza damu ya watoto. Hoja hii ni nzito, na soko la vitabu vya mateso limeipa nguvu. Lakini msomaji aangalie inaelekea wapi. Kama uuzaji ndio tatizo, basi soko linaloshutumiwa liko katika lugha nyingine na miji mingine. Riwaya ya Kiswahili itasomwa Beni, Goma, Kampala na Kitale, na watu wanaoweza kumwambia mwandishi kwamba amekosea. Hadhira inayoweza kukanusha ndiyo kinga bora dhidi ya uuzaji wa mateso.

Pingamizi la tatu, ambalo husemwa vikaoni zaidi ya kuandikwa, ni kwamba mambo haya hayawafai vijana wa shule. Wanaosema hivyo wanasahau kwamba waliotendewa mambo hayo walikuwa wadogo kuliko watahiniwa wetu. Kuchagua kwa busara ni wajibu wa mwalimu. Kufuta ni jambo jingine. Tanzu zetu kongwe hazikuiogopa vita. Tangu Utendi wa Tambuka hadi Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, Kiswahili kimeisimulia vita kwa fahari, kikimweka shujaa na adui katikati. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuisimulia vita isiyo na shujaa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uhakiki wa huruma unampenda kadogo kwa sharti moja: kwamba asiseme lolote la kututatiza. Tunapendekeza mwelekeo mwingine wenye hatua mahsusi. Kozi za fasihi simulizi zichukue masimulizi ya waliorudi kutoka vitani kama utanzu unaostahili nadharia, pamoja na maadili ya ukusanyaji yatakayomwachia msimulizi haki ya kukataa, ya kubadilisha na ya kuficha jina lake. Allah n’est pas obligé na Johnny chien méchant zitafsiriwe kwa Kiswahili, na mtafsiri apewe uhuru wa kutumia lahaja na ngeli ambazo usanifu umezifukuza. Wahariri wa mashirika ya uchapishaji waache kusahihisha sauti ya mhusika kana kwamba ni insha ya mtahini. Na wanafunzi wa uzamili wanaokuja kwetu kila mwaka na pendekezo la kumi na tano kuhusu ‘taswira ya mwanamke’ katika riwaya ile ile waelekezwe kwenye suala hili ambalo halijaguswa.

Hayo yatachukua miaka, na muda hautungoji. Makadogo wa Luwero sasa ni watu wa makamo. Baadhi yao wamekwisha kufa. Wale wa 1996 wana watoto wa umri waliokuwa nao wenyewe walipochukuliwa. Kila anayekufa bila kuulizwa kwa lugha aliyopigania anatuachia maandishi ya mahakama, picha za video na tafsiri za watu wa kati.

Atakayeona kwamba tumetia chumvi, na atupinge. Lakini na atupinge kwa matini: atuonyeshe riwaya, atuonyeshe utenzi, atuonyeshe tamthilia iliyomruhusu kadogo aseme kwa Kiswahili chake. Tutaifundisha muhula ujao.